Kidole Changu kwenye Karatasi ya Sista

Siku Sista alipopigwa tulikuwa watu saba pale mlangoni pa ICU, na nitawataja wote ili mtu asije akasema nimebuni. Wa kwanza ni mimi, mama yake Nafula. Nafula ni binti yangu, ameolewa na Simiyu, na Simiyu ndiye aliyekuwa ndani, kitanda cha tatu, na mpira kwa koo. Wa pili ni Wanyonyi, kaka mkubwa wa Simiyu, mpasua mbao wa Cheptais, mtu wa mikono mizito. Wa tatu ni Barasa, mdogo wao, wa boda boda, alikuwa ameshika helmeti yake. Wa nne ni Mama Wambui, jirani yangu wa Matisi, tunauza mboga naye kibanda kwa kibanda. Watu wake walitoka Nyeri zamani, lakini Kibukusu anakijua kuliko wajukuu wangu. Wa tano ni Chemos, askari wa mlango. Wa sita ni Daktari Kirui, kijana mwembamba, shati limetoka nje ya suruali. Wa saba ni Sista mwenyewe, nesi wa ICU. Nafula hakuwepo. Alikuwa chumba cha upasuaji, mkono umevunjika mara mbili, na aliyeuvunja ni huyo huyo Simiyu tuliyekuja kumlilia.

Jina la Sista nalijua. Najua la baba yake pia, na la mtaa aliozaliwa huko Bungoma. Siliandiki kwa sababu mwenyewe alinikataza, na nitafika hapo. Kwa hivyo hapa ni Sista tu, vile wagonjwa walivyomwita.

Kati ya wale saba, mmoja angeweza kusema neno moja na Sista asipigwe. Huyo ni mimi. Nilinyamaza.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na mikono yake ilikuwa imepauka kwa sabuni mpaka ilionekana ya mtu mwingine. Mikono hiyo ilikuwa inachapa. Nasema ukweli, simpambi. Kulikuwa na mwanafunzi wa unesi anaitwa Rispa, siku moja alitoka kitanda cha kwanza akaenda cha pili bila kunawa, na Sista akampiga kofi la mkono hapo hapo mbele yetu. Rispa akalia. Sista akamwambia, "Lia ukienda nje. Hapa ndani machozi yatafanya tuteleze." Kisha akampelekea chai.

Pasta wetu alikuja na chupa ya mafuta, akanyoosha mkono ampake Simiyu kwenye paji la uso. Sista akaupiga ule mkono kama mtu anayeua mbu. Pasta akasema, "Mama, mimi ni mtumishi wa Mungu!" Sista akamjibu, "Mungu anaosha dhambi, Pasta. Mikono unaosha wewe. Sinki ile pale." Pasta akanawa. Alipomaliza kuomba, amina ya Sista ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zetu zote.

Huyo ndiye mtu. Hakupenda mtu aombe kwa kelele, na yeye nilimkuta mara mbili amesimama nyuma ya mlango wa stoo, macho amefunga, midomo inaenda. Alikuwa anatukana daktari, na daktari akikosewa na watu, anamtetea kama mtoto wake. Na aliogopa sindano. Hamuwezi kuamini, mtu aliyechoma watu maisha yake yote. Nitawaambia hiyo pia.

Lakini kwanza lazima mjue Simiyu alifikaje kwa hicho kitanda.

Simiyu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa kusikia, kwa sababu kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Miaka kumi na moja amemuoa Nafula na uso wake sikuwa nimeutazama vizuri hata mara moja. Nikimwona anakuja kwa barabara ya Matisi na baiskeli yake, nilikuwa nainama ndani ya kibanda cha Mama Wambui kati ya kabeji, na Mama Wambui anaangalia barabara kwa niaba yangu. "Bado," ananiambia. "Bado. Anasalimia mtu. Haya, toka, ameenda." Alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. "Yaani nyinyi Wabukusu! Mimi mkwe wangu namtuma hata dukani."

Wiki ile Simiyu aliumwa na kichwa na homa siku nne. Akapimwa malaria, hakuna. Akapewa vidonge. Siku ya tano asubuhi akaanza kumwita Nafula kwa jina la marehemu mama yake. Halafu akachukua nyundo.

Alimpiga Nafula mkono, huu wa kushoto, mara mbili, mbele ya watoto. Akatoka mbio kuelekea Kipsongo bila shati, anapiga milango ya watu kwa nyundo, anapiga mikokoteni, akampiga mzee mmoja muuza makaa, Mzee Ekai, kwenye bega. Mtu akapaza sauti, mwizi! Mnajua neno hilo likishatoka. Mawe yalitoka kila upande. Walimwangusha karibu na mtaro, mateke, mbao, kijana mmoja akampiga chuma cha kichwani. Nilifika nimevua viatu, nikaona mtu ameleta tairi. Tairi, watu wangu. Lilikuwa limeshapita shingo, na mwingine alikuwa amebeba petroli kwa chupa ya soda.

Mimi nilisimama. Simiyu alikuwa ameraruliwa suruali, yuko uchi, na mimi ni mama mkwe, na miguu yangu haikujua iende mbele ama nyuma. Na ndani ya moyo, wacha niseme, nilikuwa nimeona mfupa wa binti yangu. Sehemu yangu moja ilisema, wacha wamalize.

Ni Mama Wambui aliyeingia. Alipita katikati ya wale vijana, akalitoa lile tairi, akamkalia Simiyu. Akaketi juu yake na uzito wake wote, na sketi yake ikamfunika, akasema, "Sasa chomeni. Anzeni na mimi. Wewe wa petroli, mama yako hununua sukuma kwangu kila jioni, kuja!" Jiwe moja lilimpiga mgongoni, hakuinuka. Chini yake Simiyu akaanza kutetemeka mwili mzima, povu la damu linatoka, amejiuma ulimi. Hapo ndipo watu wakarudi nyuma. Mtu wa kifafa hawamchomi.

Hospitalini walimwandika hivi: amepigwa kichwa na umati. Ni haki yao, kichwa kilikuwa kimefura kama malenge. Degedege halikuisha, lilikuwa linakatika na kurudi, kwa hivyo wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakamwekea mpira kwenye koo, mashine ikawa inampumulia. Hivyo ndivyo alivyoingia kwa mikono ya Sista.

Sista alikuwa na swali moja. Aliuliza kila mtu, hata mtu aliyekuja kufagia. "Nini ilianza?" Si nini imetokea. Nini ilianza. Alinikuta nimeketi kwa benchi, akaketi kando yangu, magoti yetu yanagusana.

"Mama, umetoka wapi?"

"Matisi. Lakini nyumbani ni Bungoma."

"Bungoma wapi?"

Nikamwambia. Akacheka. "Sisi ni watu wa ng'ambo ya mto. Haya, niambie. Huyu kijana, nini ilianza?"

"Alipigwa na watu."

"Kabla."

"Alimpiga mke wake na nyundo."

"Kabla ya nyundo."

"Homa. Siku nne."

"Na kabla ya nyundo alikuwa anasema nini? Alikuwa anasikia kitu? Anaona kitu?"

Nikasema mimi sikai naye, ni mkwe wangu. Sista akainuka bila kuaga, akaenda wodi ya wanawake kumuuliza Nafula mwenyewe, na mkono wake umefungwa kwa mbao. Akarudi anatembea mbio. Nafula alikuwa amemwambia kwamba siku mbili kabla, Simiyu alikuwa anasema nyumba inanuka mpira unaoungua. Alitafuta mpaka chini ya kitanda. Hakuna mtu mwingine aliyeisikia hiyo harufu.

Nilimsikia akimwambia Daktari Kirui kwenye korido, na hakuwa anaongea polepole. "Daktari, hakuugua kwa sababu alipigwa. Alipigwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Homa siku nne, harufu ambayo haipo, anasahau jina la bibi yake, halafu vurugu, halafu degedege. Hiyo ni virusi imeingia kwa ubongo."

Daktari akasema, "Sista, ana jeraha la kichwa. Tusubiri."

"Tusubiri nini, azikwe?"

Wakampiga picha ya kichwa. Damu haikuwa imevuja ndani. Lakini pembeni, hapa juu ya sikio, ubongo ulikuwa umefura. Daktari akarudi na ile picha akampa Sista aishike mwenyewe.

Wakanieleza, wawili wao. Kuna kirusi, kile kile kinacholeta vidonda vya mdomo kwa watu wengi tu, na kwa mtu mmoja mmoja kinapanda mpaka kwenye ubongo kinaanza kuula. Kinamfanya mtu awe mwingine. Dawa yake iko, inaingia kwa mshipa kila masaa nane, majuma matatu, na wataanza sasa hivi bila kungoja. Lakini kujua kwa hakika lazima wapime maji ya uti wa mgongo. Wakikosea, watakuwa wanatibu kitu kingine na Simiyu anakufa akiwa na dawa ya mtu mwingine mwilini.

Maji ya mgongo! Kwetu hakuna neno linaloogopesha watu kama hilo. Kila mtu ana mtu wake aliyetolewa maji ya mgongo akafa. Sista alizoea kusema, "Walikufa kwa sababu mliwaleta wakiwa wamekufa," lakini nani atasikia. Nilimpigia Wanyonyi simu, alikuwa njiani kutoka Cheptais na Barasa. Akasema, "Mwambie huyo daktari asiguse mgongo wa ndugu yangu. Tukikuta ameguswa, mtu atakufa huko." Na mimi nilijua Wanyonyi. Wakati wa kugombania shamba alimkata binamu yake sikio.

Nafula alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, amelazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari akasema sheria inamruhusu, kwa dharura, lakini anataka mtu wa familia ajue na aweke sahihi kwamba ameelezwa. Sista akanipa kalamu. Naweza kuandika jina langu, nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini siku hiyo kalamu ilianguka mara mbili. Akachukua kidole changu gumba mwenyewe, akakichovya kwa wino, akangoja. Hakukisukuma. Akangoja mimi nikishushe. Nikakishusha.

Kisha likaja jambo lingine. Kitanda cha pili moyo ulisimama. Alikuwa mwalimu wa Kimilili, Bwana Khaemba. Rispa na nesi wa kiume wakapanda kumfinya kifua, nikasikia mbavu zikivunjika, ni sauti ya kuni kavu, sijaisahau. Kwa hivyo kwa Simiyu wakabaki wawili, Daktari na sindano, Sista na ule mpira wa koo ambao hauwezi kuachwa. Na mgonjwa lazima akunjwe, magoti yafike tumboni, mgongo ujitokeze kama wa paka.

Sista akaniita. "Mama, vaa hii."

"Mimi siwezi. Ni mkwe wangu."

"Najua ni mkwe wako. Mimi ni Mbukusu kama wewe. Vaa."

"Yuko uchi."

"Mama, usipomshika, sindano itaenda vibaya. Nafula atakuwa mjane, na heshima yako itakuwa nzima kabisa."

Nikavaa. Gauni, barakoa, glavu. Nikamshika mume wa binti yangu nyuma ya magoti na nyuma ya shingo nikamkunja kifuani pangu, kama nilivyomkunja Nafula akiwa mdogo. Ngozi yake ilikuwa moto, na mgongo wake wote ulikuwa na alama za viatu vya watu. Nikafunga macho. Maji yalitoka, Daktari akasema, matone, meupe. Nikamwachilia. Sista akanivua glavu, moja, ya pili, akazitupa kwa pipa, akaniambia sikioni, "Hujamgusa. Umegusa glavu."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yetu. Wakwe wangejua kwamba mama mkwe ameshika mwili wa kijana wao, tena baada ya kumwekea kidole wakati wenyewe wamekataa, Nafula angerudishwa kwangu na kitambaa cha kichwa tu, na watoto wangebaki kwao. Mimi sikumwomba Sista anifiche. Hakuhitaji kuombwa.

Wanyonyi alifika na Barasa tukiwa tumesimama mlangoni, ndipo tukawa wale saba. Aliona plasta ndogo mgongoni kupitia kioo. "Nani amesema?" akauliza. Kwa upole kabisa. "Nani aliwapa ruhusa?"

Daktari akafungua mdomo. Sista akamkanyaga mguu, nilimwona. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema maji yatolewe. Uliza mimi."

Karatasi ilikuwa kwapani mwake, ndani ya faili. Kidole changu kilikuwa hapo, cheusi, wino haujakauka vizuri. Angeitoa tu. Aliniangalia, mimi nikaangalia sakafu.

Wanyonyi akaichukua helmeti mkononi mwa Barasa na kumpiga nayo usoni. Mara ya kwanza aliyumba. Mara ya pili nikasikia taya. Akaanguka kwa magoti lakini faili aliibana na kwapa, hakuiachilia. Chemos alimrukia Wanyonyi, wakagonga ukuta pamoja, Barasa akampiga Chemos teke, Mama Wambui akamshika Barasa nywele akimwambia mambo ya Kikuyu, Daktari Kirui akasimama mbele ya Sista na mikono yake miembamba imenyooshwa, akapigwa ngumi moja ya tumbo akakaa chini. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimesimama Kipsongo, nikasimama na hapa.

Sista aliinuka kwa kushika ukuta. Akatema meno mawili kwenye kiganja, akayaangalia, akayatia mfukoni. Akaangalia saa ya ukutani. Akaingia ndani, akanawa mikono, damu na sabuni, akatundika ile chupa ya dawa ya virusi, ya kwanza kabisa, akahesabu matone. Ndipo akatoka akasema, maneno yanatoka vibaya, "Haya. Nani anishone?"

Na hapo ndipo nilijua anaogopa sindano. Walipokuja kumshona mdomo alinishika mkono mpaka kucha zake zikaniingia. Alikuwa analia kama mtoto kabla hata hajaguswa. "Polepole, bana! Kwani unashona gunia?" Daktari Kirui alicheka huku ameshika tumbo lake. Nikamwambia Sista, nitasema kweli kwa hawa watu. Akatikisa kichwa. Alipoweza kuongea akasema, "Mimi nikitoka hapa naenda kwangu. Wewe utaishi nao. Nyamaza. Na siku ukisimulia, usiniweke jina, nisije nikaitwa kuwa shahidi wa kesi ya ukwe."

Polisi walikuja kumtaka aandike maneno yake. Akakataa. Akiandika, wataomba karatasi, na karatasi itasomwa mbele ya watu. Wanyonyi akalala ndani siku mbili akatoka, akatembea akisema kwamba yule mama alijua amekosa, ndiyo maana hakushtaki.

Majibu ya yale maji yalirudi baada ya siku kadhaa kutoka mji mwingine. Kirusi kilikuwepo, kile kile. Wakaacha dawa za bakteria walizokuwa wameongeza kwa tahadhari, wakabaki na ya virusi, na Sista akawa anapima mkojo wa Simiyu kama muuza maziwa, kwa sababu ile dawa ikikosa maji inaharibu figo. Alikuwa na taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija, na bado anagombana. Nilimsikia akimsemesha Simiyu aliyelala, kupitia meno yaliyofungwa. "Amka wewe. Mahindi yako yanaliwa na ng'ombe ya watu. Bibi yako anakulilia na mkono mmoja. Amka, nimepigwa kwa ajili yako, usinifanye mjinga." Akapuliza pua, akaendelea kumgeuza.

Simiyu aliamka. Lakini hakuamka mzima. Mambo ya utotoni anayo, kazi ya kuchomelea anayo mikononi, lakini kitu cha jana hakikai. Jina langu nimemwambia mara nyingi kuliko nywele zangu. Mimi ambaye nakumbuka jina la kila mtu niliyemuuzia mboga, nimepewa mkwe asiyekumbuka hata kwamba mimi ni mkwe wake. Ananifuata barabarani kunisalimia. Nainama kwa kabeji, na yeye anachungulia, "Mama, umepoteza kitu? Nikusaidie kutafuta?" Mama Wambui anakaribia kufa kwa kicheko.

Mwaka huu tulisikia Sista amestaafu, yuko kwake Bungoma. Nafula akasema twende tumshukuru. Wanyonyi akasema atakuja pia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Tulimkuta anachuma mboga za saga uani. Taya limekaa upande, akicheka mdomo unaenda kushoto na macho yanaenda kulia. Akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwa Wanyonyi aliyesimama nje ya geti. "Wewe wa helmeti. Ingia, chai ni ya watu wote."

Tukanywa chai. Mimi nilikaa karibu na mlango, nimegeuka, ili Simiyu asinione vizuri. Wanyonyi akaweka kikombe chini.

"Sista, mimi nilikosa. Mtu hapigi mama. Lakini na wewe ulikosa. Ungengoja wenye mgonjwa. Mgongo wa ndugu yangu haukuwa wako."

Sista hakuniangalia. Alitazama chai yake. "Ni kweli," akasema. "Ningengoja."

Alisema hivyo na lile taya. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi nimepanga, yote yakakimbia, na kilichobaki ni swali lake yeye.

"Wanyonyi," nikasema. "Uliza nini ilianza."

"Nini?"

"Uliza nani aliweka kidole. Ni mimi." Nikakinyoosha, hiki hapa. "Na aliyemkunja akatolewa maji ni mimi. Nilimshika mgongo na magoti, yuko uchi. Sista alipigwa huku karatasi yangu iko kwapani mwake."

Nafula akasema, "Mama!" Wanyonyi alisimama. Kikombe kilipita kando ya kichwa changu kikavunjika ukutani, chai ya moto ikanimwagikia shingo. Alikuwa anakuja. Mkono ule ule. Nikafikiri, sasa hii ni yangu, wacha inifikie. Sikuinamisha kichwa.

Lakini Simiyu alikuwa ameinuka. Hakujua tunaongea juu ya nini, aliona tu mama mzee amemwagikiwa. Akaja katikati, akanifuta shingo na mkono wa shati lake, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, migumu, ya moto wa vyuma.

"Mulembe, mama," akanisalimia kwa Kibukusu. "Umeungua? Mimi ni Simiyu. Wewe ni nani?"

Hakuniachilia. Wanyonyi alisimama pale, mkono juu, na ndugu yake yuko mbele yake mzima, ameshika mama mkwe mbele ya watu mchana. Mkono ukashuka wenyewe. Akatoka, akapita ile saga akaikanyaga, mpaka leo hanisalimii. Kondoo wa kutakasa ule mwiko tulichinja, Nafula yuko kwake na watoto wake. Na wiki iliyofuata mtu alishusha mbao nzuri za Cheptais kwenye geti la Sista akaondoka bila kubisha.

Lakini siku ile, Wanyonyi alipotoka, Sista aliangalia mikono yetu, ya Simiyu na yangu, akacheka mdomo ukaenda kushoto kabisa.

"Mama," akasema, "leo hakuna glavu."

Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka. Wenye kujua mnisahihishe, siwezi kukasirika. Labda Chemos ndiye aliyepigwa tumbo na Daktari akapigwa teke. Labda Bwana Khaemba hakuwa wa Kimilili, alikuwa wa Webuye. Labda meno yalikuwa matatu. Aliyekuwepo aje kibandani Matisi aniambie, na nitafuta niandike upya. Lakini kidole kilikuwa changu. Hapo msiniguse.